Taa Huzeeka Kabla ya Kuzimika

Msomaji mpendwa, ukiulizwa, "Taa ya nyumbani kwako utaibadili lini?" bila shaka utajibu, "Itakapozimika." Hilo ndilo jibu la watu wengi, wala si jibu baya. Utambi ukiisha twatia mwingine. Globu ikiungua twanunua nyingine. Lakini wapo watu ambao hawawezi kungoja mpaka taa izimike, kwa sababu taa zao haziwaangazii watu, bali zawaangazia samaki. Na samaki hawana mdomo wa kusema, "Bwana, siku hizi kwetu kuna giza."

Leo tuzungumze habari za watu hao, na jinsi wanavyopima nuru ya taa zao ili wajue siku ya kuzibadili. Usidhani jambo hili liko mbali nawe. Baadhi ya samaki hao asili yao ni katika maziwa yetu, na mmoja wao amepewa jina la mtu unayemjua vema. Tena, kabla hatujamaliza, utapata njia ya kuipima taa ya nyumbani kwako kwa karatasi na tone la mafuta.

SAMAKI WALIO MBALI NA KWAO

Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wengi hufuga samaki ndani ya nyumba, katika matangi ya kioo. Hawawafugi kwa ajili ya chungu. Wawafuga ili kuwatazama, kama vile wewe unavyopanda maua mbele ya nyumba ili macho yafurahi. Desturi hii si ya jana. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya mji wa London ilifungua nyumba ya samaki ambamo watu wote waliweza kuingia na kutazama. Siku zile tangi liliwekwa karibu na dirisha ili lipate nuru ya jua. Siku hizi, kwa kuwa nchi hizo zina miezi mirefu ya baridi na mawingu, tangi hufunikwa kwa mfuniko wenye taa, nazo taa huwaka saa nane hadi kumi na mbili kila siku.

Miongoni mwa samaki wanaopendwa sana huko ni wale wadogo wenye rangi nzuri wa Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Viktoria. Wengine hukamatwa wakiwa hai na kusafirishwa kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na hewa. Wengine wamezaliwa huko huko matangini, hata hawajui ladha ya maji ya ziwa.

Watu wa Mwanza na Musoma wanawajua samaki wadogo waitwao furu. Wavuvi wengi huwaona kama kitoweo kidogo tu, au chambo cha ndoana. Lakini wataalamu wa viumbe hushangazwa nao, kwa maana Ziwa Viktoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, kila aina na rangi yake, chakula chake na mahali pake pa kukaa. Tangu mwaka 1977 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi Mwanza kuwachunguza. Mwaka 1985 aina moja nzuri sana, ambayo dume wake ana mgongo mwekundu, ilipewa jina la heshima la Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanzania. Jina lake la kitaalamu leo ni Pundamilia nyererei. Tazama, msomaji: neno la Kiswahili na jina la Mwalimu viko pamoja katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima!

Kwa bahati mbaya furu walipatwa na msiba mkubwa. Sangara, samaki mkubwa alaye wenzake, aliingizwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila mahali, nao furu wakapungua sana. Wataalamu walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au zilikuwa karibu kutoweka. Baadhi ya aina zilizobaki zimetunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Basi waona kwamba tangi la kioo si pambo la nyumba tu. Kwa samaki wengine limekuwa kama ghala ya mbegu, na taa iliyo juu yake ndiyo jua lao.

NURU HUTENGANISHA NDOA ZA SAMAKI

Labda utasema, "Samaki atahitaji nuru ya nini? Anayo maji, anacho chakula, yatosha." Sivyo. Sikia habari ya furu wawili.

Furu wa Mwalimu, yaani yule dume mwekundu, ana ndugu yake wa karibu aitwaye Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa rangi ya samawati. Majike wa aina zote mbili wanafanana sana. Huyu wa samawati hukaa karibu na uso wa maji, na yule mwekundu hukaa chini zaidi. Jike humjua mume wa aina yake kwa kumtazama rangi. Mwaka 1997 wataalamu watatu, Seehausen, van Alphen na Witte, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Waliwatia samaki hao matangini chini ya taa nyeupe, na kila jike akamchagua dume wa aina yake. Kisha wakawasha taa ya rangi moja tu, ambayo chini yake mwekundu na samawati hawatofautiki. Majike wakashindwa kuchagua! Yule aliyekuwa akimkataa dume wa aina nyingine sasa alimkubali.

Mambo hayo hayo yameonekana ziwani. Mahali ambapo maji ni maangavu, kama vile kwenye kisiwa cha Makobe, aina hizo mbili zakaa jirani bila kuchanganyika. Kwenye kisiwa cha Luanso, ambako maji yamejaa tope na nuru yaingia kidogo, hazikutenganishika. Na mwaka 2017 wataalamu wa Uholanzi na Uswisi walionyesha jambo jingine. Waliwalea furu hao katika matangi yenye taa za namna mbili, moja ikifanana na nuru ya karibu na uso wa maji, nyingine na nuru ya chini. Samaki wa kila aina walidumu zaidi katika nuru inayofanana na ile ya kwao.

Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa furu hao, kisha akaiacha taa yake ififie na kubadilika rangi, aweza kuharibu kazi ya miaka mingi bila kuua samaki hata mmoja kwa mkono wake.

Viumbe wengine wa tangini wanaihitaji nuru kama sisi tunavyohitaji ugali. Mimea ya majini hutengeneza chakula chake kwa nuru, sawa na mahindi shambani. Matumbawe, ambayo watu wa pwani wanayajua vema, ni wanyama wadogo sana. Lakini ndani ya miili yao mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao huwalisha kwa chakula utengenezacho kwa nuru. Nuru ikipungua mno matumbawe hudhoofika kwa njaa, ingawa maji ni safi. Naye samaki wa Ziwa Tanganyika aitwaye Tropheus, kwao ziwani hula mwani uotao juu ya mawe, nao mwani huo hauoti gizani.

KWA NINI TAA HUZEEKA?

Taa za matangi zimekuwa za namna tatu. Kila namna ina uzee wake.

Ya kwanza ni globu ya zamani yenye waya ndani. Waya huo huwaka kwa joto kali, na kidogo kidogo huliwa na kuyeyuka kuwa mvuke. Mvuke huo hugandamana upande wa ndani wa kioo na kukifanya cheusi. Mwisho waya hukatika, na taa huzimika ghafula. Huyu ni mzee afaye kwa siku moja.

Ya pili ni taa ndefu ya tyubu, kama zile za madukani na hospitalini. Ndani yake mna mvuke wa zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, mvuke huo hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo hupiga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, na unga ndio utoao nuru tunayoiona. Basi, unga huo huchoka. Tena ni unga wa rangi kadhaa uliochanganywa, na kila rangi huchoka kwa mwendo wake. Mara nyingi ile ya samawati huchoka upesi zaidi. Kwa hiyo taa ya tyubu hupoteza nuru na hubadili rangi, lakini yaendelea kuwaka. Mwenye nyumba huiona ni nzima, kumbe imebaki sura tu.

Ya tatu ni taa ya LED, ambayo siku hizi imeenea mpaka vijijini katika taa za sola. Hii haina waya wa kukatika wala zebaki. Hudumu sana, lakini nayo hufifia, hasa ikipata joto. Watengenezaji wengi huhesabu umri wake kwa saa za kuwaka mpaka nuru ishuke kufikia asilimia 70 ya ile ya kwanza. Ukisoma kwenye boksi kwamba taa itadumu saa 25,000, mara nyingi maana yake si kwamba siku hiyo itazimika, bali kwamba itakuwa imepoteza karibu theluthi ya nuru yake. Tufanye hesabu: taa iwakayo saa 10 kila siku yatumia saa 3,650 kwa mwaka. Saa 25,000 ni kama miaka sita na miezi kumi. Nani atakumbuka, baada ya miaka sita, taa ilikuwaje siku ilipotoka dukani?

JICHO NI SHAHIDI ASIYEAMINIKA

Hapo ndipo kiini cha habari yetu. Huenda ukasema, "Mimi nina macho. Taa ikififia nitaona." La, ndugu msomaji, hutaona, na kosa si lako. Jicho limeumbwa kuzoea.

Nuru hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Luksi moja ni kama nuru ya mshumaa mmoja uangazao kitu kilicho umbali wa meta moja. Jua la saa sita mchana, pasipo mawingu, latoa kama luksi 100,000. Mbalamwezi ya usiku wa mwezi mpevu kwa kawaida haizidi robo ya luksi. Na bado jicho lako hilo hilo laweza kutembea shambani mchana, na kufuata njia usiku kwa mbalamwezi! Hufanya hivyo kwa kufungua na kufunga mboni, na kwa kujizoeza. Jicho lenye uwezo wa namna hiyo haliwezi kuwa mizani. Nuru ikishuka kwa ghafula litashtuka. Lakini ikishuka kidogo kidogo kwa mwaka mzima, litaizoea kila siku, na mwenye macho ataapa kwamba taa ni ile ile.

Ni kama mtoto wako anavyokua. Wewe ulalaye naye nyumba moja huoni akirefuka. Shangazi yake ajaye mara moja kwa mwaka ndiye apigaye kelele, "Jamani, mtoto amekuwa mkubwa!" Ukitaka kujua bila kumngoja shangazi, msimamishe mtoto penye mlango, piga alama ya mkaa juu ya kichwa chake, na uandike tarehe. Ndivyo wafanyavyo wenye matangi kwa taa zao.

JINSI WANAVYOPIMA

Wengi hutumia kipimio kidogo cha luksi, chombo chenye kidude cheupe kipokeacho nuru na kioo kionyeshacho tarakimu. Wengine hutumia simu ya mkononi, kwa kuwa simu nyingi za kisasa zina kidude cha kupokea nuru karibu na kioo chake.

Kipimio cha luksi kina upungufu mmoja. Kimetengenezwa kulifuata jicho la mwanadamu, ambalo huona sana rangi ya kijani na manjano. Mimea na matumbawe hutumia sana nuru nyekundu na samawati, ambazo jicho huzihesabu kidogo. Kwa hiyo kuna chombo kingine kihesabucho nuru yote ifaayo mimea, bila kuipendelea rangi moja. Chombo hicho ni cha bei kubwa, na mara nyingi chama cha wafugaji hununua kimoja na kuazimana, kama wanakijiji wanavyoazimana pampu ya kunyunyizia dawa. Asiye nacho aweza kutumia kipimio cha luksi, mradi analinganisha taa na hali yake mwenyewe ya zamani, wala halinganishi taa za rangi mbalimbali.

Yako masharti ya kufuata, na kila moja lina sababu yake.

Kwanza, alama ya mwanzo ichukuliwe taa ikiwa mpya. Taa ya tyubu isipimwe siku ile ile ya kwanza, kwa maana saa 100 za mwanzo nuru yake haijatulia. Ikiwaka saa 10 kwa siku, ngoja siku kumi, ndipo upime.

Pili, safisha. Futa taa, mfuniko na kioo. Maji ya tangi huruka na kuacha chokaa au chumvi, na vumbi hukaa juu yake. Watu wengi wametupa taa nzima kwa sababu ya kioo kichafu.

Tatu, iache taa ipate moto kwa nusu saa. Taa ya tyubu iliyowashwa sasa hivi haitoi nuru yake yote.

Nne, pima usiku, au funga madirisha yote. Jua likiingia, utapima jua.

Tano, pima mahali pale pale na kwa umbali ule ule. Wengine hukata kijiti cha urefu wa sentimeta 30, wakakitumia kila mara kuweka kipimio chini ya taa. Ukikosea sentimeta chache umeharibu hesabu, kwa sababu nuru ya taa ndogo, umbali ukiongezeka mara mbili, hubaki robo tu. Pima katikati na kwenye ncha zote mbili, kwa maana taa ya tyubu huanza kufa nchani.

Sita, pima saa ile ile ya usiku. Umeme hushuka nguvu wakati nyumba zote zimewasha taa na majiko, na taa nyingi hufifia nao.

Saba, tumia kipimio kile kile. Vipimio viwili havisemi sawa, kama vile mizani mbili za sokoni zisivyopatana. Lakini kimoja, hata kama chakosea, hukosea vile vile kila siku, na tofauti itaonekana.

Nane, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nuru vivyo hivyo.

HESABU YA KUAMUA

Tuchukue mfano. Taa mpya imepimwa ikatoa luksi 8,000. Hiyo ni 100 kwa 100. Baada ya miezi sita kipimio chasema 6,800. Mwenye tangi ashtuka. Kabla ya kwenda dukani afuta kioo, kisha apima tena: 7,400. Kumbe luksi 600 zilikuwa zimezibwa na chokaa! Taa yenyewe imebaki na asilimia 92 na nusu. Aiache, ingali kijana. Baada ya mwaka na nusu, kioo kikiwa safi, apata 5,600. Ukigawa 5,600 kwa 8,000 wapata asilimia 70. Sasa taa imezeeka, na abadili.

Wenye matumbawe, ambao viumbe wao hawavumilii, wengi hawangoji 70. Hubadili kwenye 80. Mwenye samaki tu, bila mimea wala matumbawe, aweza kuvumilia zaidi. Kila mtu aweke mpaka wake mapema na kuuandika, ili siku ya uamuzi asibishane na mfuko wake.

Zamani wengi walifuata kalenda: wenye matumbawe walizitupa taa za tyubu kila baada ya miezi sita au mwaka, ziwe nzima au zimechoka. Njia hiyo ni rahisi, lakini yapoteza fedha, tena kila tyubu itupwayo ina zebaki, na zebaki ni sumu. Ndiyo maana mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013, yaitwayo Mapatano ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliugua vibaya kwa zebaki. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza taa za tyubu za kawaida kuingizwa upya sokoni tangu Agosti 2023, na mwaka huo huo mkutano wa mapatano hayo uliamua kwamba kutengenezwa na kuuzwa kwake nchi za nje kukomeshwe kufikia 2027. Basi wenye matangi wanahamia taa za LED. Kalenda haiwafai tena, kwa kuwa taa hizo hazina mwaka wa kufa. Kipimio ndicho kilichobaki.

USIIPANDISHE NURU KWA GHAFULA

Mtu akiisha kugundua kwamba taa zimechoka, hutamani kuzibadili zote siku ile ile. Asifanye hivyo. Viumbe vyake vimezoea giza. Matumbawe yakipigwa ghafula na nuru kali huutoa ule mwani ulio ndani yake, hugeuka meupe, na huweza kufa. Katika matangi ya mimea, mwani mbaya hustawi na kufunika kila kitu. Mwenye busara hubadili taa moja, akangoja wiki mbili, akabadili ya pili. Au huinua taa mpya juu zaidi, au huiwasha saa chache, akiongeza polepole. Mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula hapewi nyama sufuria nzima.

KATIKA NYUMBA YAKO

Sasa tugeukie kwako, msomaji. Huenda huna tangi la samaki. Lakini labda una taa ya sola, na mtoto asomaye kwayo usiku. Mwaka wa kwanza alikaa mwisho wa meza akaandika vizuri. Sasa ameisogelea mpaka paji la uso lakaribia kuigusa, nawe wamwambia akae sawa. Yawezekana si mtoto aliyeharibika tabia, bali ni taa iliyozeeka, na wewe jicho lako limeizoea.

Unaweza kuipima bila chombo cha bei. Njia hii hutumia karatasi yenye doa la mafuta, ambayo mtaalamu Mjerumani Robert Bunsen aliitumia katika karne ya 19 kulinganisha taa.

Chukua karatasi nyeupe ya daftari. Dondoshea tone moja la mafuta ya kupikia katikati, ulipanguse. Azima taa mpya ya namna ile ile kutoka kwa jirani. Futa taa zote mbili. Futa na bamba la sola, kwa maana vumbi hulinyima jua. Zichajiwe mpaka zijae. Usiku, zima taa nyingine zote, na usimamishe karatasi juu ya meza katikati ya taa mbili, moja huku na moja huku, zikitazamana.

Weka taa mpya sentimeta 100 kutoka kwenye karatasi. Kisha isogeze taa yako ya zamani mbele na nyuma polepole, ukilitazama doa. Nuru ikiwa kubwa upande wako, doa laonekana jeusi. Ikiwa kubwa upande wa pili, doa lang'aa. Mahali doa linapokaribia kupotea, ndipo nuru za pande mbili zilipo sawa. Pima umbali wa taa yako kwa rula.

Ikiwa ni sentimeta 100, taa yako ni sawa na mpya. Ikiwa ni 84, zidisha 84 kwa 84, kisha gawa kwa 10,000. Utapata kama asilimia 70, na taa yako imefika kwenye mpaka ule wa wenye matangi. Ikiwa ni 70, wapata 49: nusu ya nuru imekwisha, na mtoto wako asoma kwa nusu ya taa uliyomnunulia. Mpe mwanafunzi wa darasa la sita au la saba kazi hii aifanye mwenyewe. Atajifunza hesabu, na atajua kwa nini macho yanamuuma.

Ukikuta taa imefifia, usikimbilie kuitupa. Mara nyingi katika taa ya sola betri ndiyo huchoka kwanza, nayo yaweza kubadilishwa na fundi kwa bei ndogo kuliko taa mpya. Na ukikuta kwamba taa ni nzima, umeokoa fedha ambazo ungezitumia bure.

Andika matokeo nyuma ya daftari la nyumbani: tarehe, na sentimeta. Baada ya miezi sita pima tena, kwa taa mpya ya namna ile ile. Hapo hutahitaji kubishana na mtu kama taa yafaa au haifai. Utafungua daftari, utasoma tarakimu mbili, na utajua.